Mwanangu, nani alihesabu?

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya Alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, ila goti la mamako, nalo ni lile lile. Kusi imelala na kaskazi haijaingia, joto limetukalia kifuani. Nimetoka barazani na kalamu kwa sababu kwenye simu huwa wanishinda. Nikianza neno, wewe ushalimaliza. Karatasi haikatizwi.

Jana mamako alinisikilizisha ule ujumbe wako wa sauti mara tatu. Kwamba umechaguliwa timu ya mdahalo ya chuo, kwamba mwezi ujao mwapanda basi kwenda Kampala. Alhamdulillahi. Nimemweleza kila mtu, hata muuza kahawa, naye hakuniuliza. Mzee mwenzangu akataka kujua mdahalo ni nini, nikamwambia ni mashindano ya kusema kweli. Usiku nikausikiliza tena ujumbe peke yangu. Pale waeleza kwamba upande wa kutetea au kupinga mwapewa kwa bahati nasibu, mwapata dakika 15 za kujitayarisha na dakika 7 za kusema, na kwamba raundi iliyopita ulitetea jambo usiloliamini "na bado nikawamaliza, Baba." Ukacheka. Nikajua nimemdanganya mzee mwenzangu.

Sikukatazi. Nenda, na ukirudi na kikombe tutakiweka pale palipo redio. Lakini lipo jambo la Agosti halijanitoka, na kicheko kile kimelirudisha. Nani alihesabu?

Kikao chenyewe cha zile fedha zilizopungua sikirejei, ulikuwepo, tena wewe ndiwe uliyekiongoza. Narejea hoja zako tu, maana nimezihifadhi kama ulivyozisema, ukikunja kidole kimoja kimoja. Fedha zilikuwemo koponi Jumatano, Ijumaa zimepungua elfu mbili. Walioingia chumba kile baina ya siku hizo ni wawili, mama na binti wa kazi. Mama hawezi kujiibia. Kidole cha nne ukakiacha wazi hewani, hukusema neno, na macho yote ya sebuleni yakamwendea yule binti. Shangazi yako akasema, "Huyu keshakuwa wakili." Sikufichi, kifua changu kilijaa. Nikasema moyoni, ada za shule hazikupotea.

Wawili, ulisema. Mwanangu, chumba kile nalala na mimi.

Nataka ulikalie hilo neno "wawili" kabla hujaenda Kampala. Maalim aliyetusomesha usiku, baada ya Isha, alikuwa na jina la hoja ya namna yako: sabr wa taqsim. Waorodhesha yote yanayowezekana, halafu wayapima na kuyaondoa moja moja, na linalobaki ndilo jibu. Wanachuoni wa usuli, elimu ya misingi ya sheria, huitumia wanapotafuta sababu ya hukumu, na hawabishani sana juu ya kule kuondoa. Wabishana juu ya orodha. Je, umevitaja vyote? Ukisahau kimoja, hata uondoe kwa ustadi gani, kinachobaki mkononi chaweza kuwa kisicho na hatia. Maalim alikuwa akigonga meza kwa ufunguo wa msikiti, auliza, "Umehesabu? Umehesabu wote?" Nasi twacheka, tukidhani asemea mikeka.

Najua utakavyonijibu, maana nishakusikia ukimfundisha mdogo wako. Utasema umbo la hoja ni kitu kimoja na ukweli wa misingi yake ni kitu kingine. Kwamba hoja yaweza kufungamana barabara, natija, yaani hitimisho, ikatoka kwa mukadima, yaani ile misingi, kama inavyotakiwa, na bado ikawa ya uongo kwa kuwa mukadima mmoja ni wa uongo. Sawa. Hilo hata Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilisema, naye alizifananisha kanuni za mantiki na mizani. Mimi nimekua nikitumwa sokoni Marikiti, na mizani naijua. Mkono wake waweza kusimama katikati, sawasawa, haupepesuki, na huku jiwe la kilo limetobolewa tumbo. Mnunuzi mgeni hutazama mkono, mwenyeji huligeuza jiwe.

Wewe siku ile ulitazama mkono. Nami ndiye niliyekufundisha kuutazama, tangu enzi za shilingi kumi nilizokupa kila ulipomshinda kakako mezani. Sikukuuliza hata siku moja uliyoyasema yalikuwa kweli. Nilikuuliza kama ameshindwa.

Tangi la maji limepona, nilisahau kukwambia. Halivuji tena tangu fundi alipokuja ile Alhamisi ya Agosti, wewe ulikuwa umekwenda Nyali kwa rafiki zako. Alitaka elfu moja, taslimu, hataki kutumiwa kwa simu. Na umeme nao ulikuwa umekatika alfajiri, nikampa kijana wa dukani elfu moja nyingine aninunulie tokeni, kwa sababu nyama ya mamako ilikuwa kwenye friza. Mfukoni sikuwa na kitu. Kopo la Milo likaapo unapajua.

Nilikumbuka ulipokunja kidole cha pili. Nikangoja unitaje. Uliposema "wawili" na hukunitaja, nikaona afadhali, kisha nikaona haya, kisha ukawa ushafika kidole cha tatu na shangazi yako keshasema wakili. Nani hukatiza maneno matamu namna ile? Hukunihesabu kwa kuwa mimi ni baba mwenye nyumba, na mwenye nyumba hahesabiwi. Hilo ni kosa lako. Langu ushalijua sasa.

Na lile la mlangoni nililisikia pia. Yule binti yuwafunga kitambaa cha nguo zake, nawe wamwambia, "Usichukulie vibaya, ni mantiki tu." Umri wenu ni mmoja, umri wa miaka kumi na tisa, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa chako cha mwaka juzi, na cha kulia pia.

Narudi kwenye hoja, kwa sababu hata bila elfu mbili zangu ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe nalijua kwa uzoefu. Nilipokuwa karani wa klirensi, wa kutoa mizigo bandarini pale Kilindini, tulikuwa na hoja yetu. Haikuandikwa popote, ila kila karani mpya aliipokea wiki ya kwanza. Kumkirimu mtu chai ni ungwana. Huyu bwana kasimama juani tangu asubuhi kwa ajili ya kontena lako. Basi kumpa chai ni ungwana. Mswahili gani atapinga kumpa mtu chai? Ila chai ya mwanzo yatoka birikani na tangawizi, na chai ya mwisho yatoka kwenye bahasha. Neno moja, vitu viwili. Lilibadilisha kanzu katikati ya njia na sisi twalitazama. Nilikwenda na hoja hiyo miaka mingi, na baraza hii ninayoandikia haikusakafiwa kwa mshahara peke yake. Usiniulize zaidi.

Tulikuwa na ya pili, dada yake: kila siku twafanya hivi na hakuna kilichotokea, basi si vibaya. Tarehe 29 Aprili 1994 ferri ya Mtongwe ilizama asubuhi ikiwa imejaza kupita uwezo wake, watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wavukaji wa kila siku. Wajua kwa nini mamako hapandi ferri ya asubuhi, siongezi. Nilirudi kazini wiki ile, bahasha zikaendelea kama kawaida.

Sasa litazame neno lako "mwizi." Ulisema: aliyeiba ni mwizi, mwizi haaminiki, asiyeaminika hakai na watoto wadogo. Yaenda kama shanga kwenye uzi. Lakini "aliyeiba ni mwizi" ni mtu aliyechukua, mara moja, kwa shida au kwa tamaa, Mungu ajua. "Mwizi haaminiki" ni yule ambaye wizi ndio uchumi wake. Lugha yetu yenyewe hututega hapa. Mpishi si mtu aliyepika mara moja. Mimi nilipika ubwabwa wiki mamako alipojifungua wewe, ukaungua chini na juu ukabaki mbichi, na hakuna aliyeniita mpishi. Yule binti aliingia kwenye sentensi yako ya kwanza na shutuma ya elfu mbili, akatoka kwenye ya pili na tabia ya maisha. Hata angekuwa amechukua kweli, mwanangu. Hata angekuwa amechukua.

Daftari lako la mwaka wa kwanza uliliacha juu ya kabati. Nimelisoma, nisamehe, nilikuwa natafuta stakabadhi ya maji. Umeandika kwa wino mwekundu habari za David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, kwamba mwaka 1740 aliwaona waandishi wa maadili wakieleza mambo yalivyo, "ni hivi, si hivi," halafu ghafla wakawa wasema "yapasa, haipasi," bila kuonyesha walivyovuka. Umelipigia mstari mara mbili. Nami nikajiuliza, mtoto huyu apiga mstari mara mbili halafu anakuja sebuleni kwangu asema "ameiba, basi aondoke leo"? Baina ya hayo mawili pana mkondo mpana kuliko wa Likoni, nawe uliruka. Yasimuliwa kwamba Seyyidna Umar, mwaka wa njaa, alisimamisha adhabu ya mwizi. Kuchukua kulikuwa kuchukua vile vile. Kilichopimwa upya ni nini kinapasa kufuata, kwa hali ile, kwa watu wale. Wewe hukuuliza hata kama mamake mgonjwa amekula.

Na ile hadithi ya tramu nimeiona, ya Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza, ya mwaka 1967. Dereva hawezi kuisimamisha, aweza kuigeuza tu, reli hii ina watu watano na ile ina mmoja. Umejaza kurasa nne. Ni hadithi nzuri ya kunoa akili, siidharau. Lakini hapa mjini kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na vigari vya reli kweli, vikisukumwa na watu kwa mikono, na wakubwa wamekaa juu chini ya kivuli. Nimeziona picha. Jicho langu humwendea yule wa nyuma anayesukuma. Katika hadithi yenu hayumo, na si kosa, aliyeitunga ndiye aliyeamua nani awepo relini. Wakabidhiwa hesabu iliyokwisha: watano, mmoja. Huna haja ya kuhesabu. Ndipo ninapoogopa. Mwaka mzima sasa wakabidhiwa hesabu zilizokwisha, na dakika 15, nami naogopa umesahau kwamba nje ya darasa hakuna anayekuhesabia. Sebuleni ulihesabu mwenyewe, ukahesabu vibaya, tena kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa.

Utasema, "Baba, kwa niliyoyajua wakati ule, hoja yangu ilikuwa nzuri." Nakubali. Nilikaa na jibu hilo siku nyingi kwa niaba yako. Ila ulijua pia kwamba hujui. Hukuuliza, "Kuna mwingine aliyeingia?" Maneno matatu. Kama ungeuliza, ningelazimika kusema au kunyamaza, na nisingeweza kunyamaza. Labda. Mimi nadhani ushahidi unaotosha kumshinda mtu mezani hautoshi kumtoa mtu kazini. Ukikosea Kampala, wapungukiwa alama, mwala chakula cha jioni, mwarudi hotelini mwacheka. Ukikosea pale kwetu, mtu apanda matatu na kitambaa cha nguo kichwani, mshahara umekatwa elfu mbili, na huko aendako hana wa kumtaja kwa wema akitafuta nyumba nyingine. Kadiri kosa litakavyomuumiza mwingine, ndivyo yafaa uchelewe kukunja kidole. Hili sikulitoa kitabuni. Limenijia usiku, kwenye joto, kwa hiyo lipime na wewe.

Mamako yuwauliza lini utarudisha ile thamosi yake ya kijani. Asema kama imevunjika useme, asimalize mwezi mwingine akiitafuta. Nyanyako kakulalamikia kwamba hujampigia tangu Maulidi. Mpigie, na usimsahihishe akisema Nairobi kuna theluji. Paka amezaa ndani ya sanduku la cherehani, watatu. Ukuta wa chumba chako umeota chumvi tena, nimeukwangua, nataka kuupaka chokaa kabla ya mvua za vuli hazijakaa sawasawa. Mdogo wako ameanza kuongea kama wewe. Juzi kamwambia maalimu wake wa madrasa, "Hiyo haifuati." Akachapwa, akarudi nyumbani yuwalia, nami nikacheka na kumpa shilingi ishirini, halafu nikajuta. Unaona tabu niliyonayo.

Sitaki uache kubishana. Nimezeeka kwenye mji wenye watu wa hoja tamu, na wengine walizipeleka mahali pabaya, wakabeba vijana wa watu pamoja nazo. Kila kijana aliyebebwa alibebwa kwa sentensi iliyofungamana. Nawe ulimi huo umeupata kwa Mungu na kwangu. Ukilala nao vibaya utakukata wewe kwanza, na mimi sitakuwepo kukuuliza umehesabu au hukuhesabu. Kwa hivyo ukisikia hoja ya mwenzako imekunyookea sana, imekubembeleza, yasema lile lile ulilotaka kusikia, igeuze chini kama jiwe la Marikiti. Ya kwako igeuze mara mbili. Na ukiona watu wote chumbani wametazama upande mmoja, tazama nani amekaa kimya. Siku ile alikuwa mimi.

Jumamosi, inshallah, nakwenda Kaloleni, kwao yule binti. Nitashuka Mazeras nipande nyingine. Nina elfu mbili zake, na mshahara wa miezi miwili juu, na kile kitenge mamako alichonunua kwa ajili ya arusi ya Kibokoni ambacho asema hakimkai. Sijui kama atataka kurudi. Sijui kama mamake atanifungulia mlango, na nitakaposimama pale sitakuwa na vidole vya kukunja, maana jambo langu ni moja tu na halina sentensi ya pili. Mamako hajajua. Nitamwambia nikirudi, usinitangulie, najua ulimi wako.

Nambari ya simu ya yule binti ilikuwa kwenye simu yako ya zamani, mliwahi kutumiana picha za nywele. Itafute unitumie kabla ya Ijumaa. Usimpigie wewe kwanza. Au mpigie, sijui, amua mwenyewe, lakini ukimpigia usianze na neno "kwa hiyo."

Nauli ya Kampala nitatuma Jumatano. Chukua na sweta, basi la usiku lina baridi.

Ni mimi,
Babako